Elfu Moja Mgongoni

Sehemu ya Tisa

Wiki iliyopita tulimwacha Kev Rudge, nahodha wa Ormsden, amepiga magoti mbele ya mashine ya kufulia jezi. Mkono mmoja umeshika bahasha ya yule bibi wa Wales, mkono wa pili umefungua mlango wa mashine. Nyuma yake, kitasa cha chumba kikazunguka.

Mmeniandikia barua kali. Msomaji mmoja ameuliza kama nalipwa kwa kila kitasa kinachozunguka, maana hiki ni cha nne tangu Januari. Silipwi hivyo, ingawa wazo si baya. Haya, mlango ukafunguka.

Aliyeingia ni Mama Doreen, mfuaji wa jezi za klabu kwa miaka thelathini na mmoja, mama wa miaka sabini na ushee ambaye hajawahi kupitwa na doa.

"Toa hiyo pai," alisema.

"Pai gani, Mama?"

"Nahodha mzima, siku ya watani wa jadi, saa saba mchana, kajificha na mashine yangu! Daktari kakukataza pai tangu Februari. Toa, nisije nikafua mchuzi pamoja na jezi."

"Wallahi si pai, Mama."

"Basi ni mbaya kuliko pai. Lete."

Kev alitamani ingekuwa pai. Pai angeimeza yote kwa mkupuo mmoja na ushahidi ukaishia hapo. Lakini barua ya mwaka 1937 haimezeki, na mtu wa kilo mia moja na kumi na mbili hana pa kuificha akiwa amevaa kaptula ya raga, kwa sababu kaptula ya raga haina mfuko. Akaitoa.

Kwa wewe uliyeanza kusoma leo, pengine kwa sababu gazeti hili limefungia samaki wako, nikupe kwa kifupi. Pale Ormsden kila mwanamume aliyewahi kuichezea timu ya kwanza, raga ile ya watu kumi na watatu, hupewa nambari kwa kufuata zamu yake ya kuingia uwanjani, tangu klabu izaliwe. Ucheze miaka ishirini au dakika tano, nambari ni yako, na jina lako huchongwa kwenye tofali katika ukuta wa mashariki. Watu wa Ormsden husahau siku ya ndoa yao, nambari hawasahau.

Kev ni nambari elfu moja.

Hakuitolea jasho. Miaka kumi na saba iliyopita vijana wawili walicheza mechi yao ya kwanza siku moja, Dean Lomax na Kev Rudge, na karani akawaandika kwa alfabeti. Dean akapata mia tisa tisini na tisa, nambari ya kuitia polisi, na tangu siku hiyo kila mtu akiteguka mguu mazoezini wenzake hupiga kelele, "Mpigieni Dean!" Kev akapata elfu, akakimbia moja kwa moja kwa mchora tatuu. Tarakimu nne, kutoka bega hadi bega, kila moja kubwa kama sahani ya wali.

Alikuwa na miaka kumi na tisa. Umri huo mtu hufanya ujinga wa kila aina, ila wake unaonekana kutoka jukwaa la mbali.

Lakini tusimcheke sana. Kev ni nguzo, yaani yule jamaa wa mstari wa mbele ambaye kazi yake ni kupokea mpira, kukimbia hatua tatu, kuangushwa na watu watatu, kuinuka, na kurudia hadi goti likatae. Miaka kumi na saba, ubingwa mara tatu, na trai, yaani kutua na mpira nyuma ya mstari wa wapinzani, kumi na tisa tu, na katika hizo mbili aliangukia mstari kwa bahati alipokuwa akitafuta pa kupumulia. Nguzo ya nyumba haitazamwi na mtu mpaka ianguke. Msimu huu ni wa mwisho kwake, na alijua kabisa kwamba baada ya miaka mitano hakuna ambaye angekumbuka hatua zake tatu. Elfu wangeikumbuka. Leo hii, kabla ya mechi, lango la mashariki lilikuwa lifunuliwe kitambaa na kupewa jina kwa heshima yake: Lango la Elfu.

Ndipo juzi akaja Bi Gwen Prosser, miaka themanini na sita, kwa mabasi mawili na treni moja. Alimkuta Kev maegeshoni, akamdhani mlinzi wa magari, akampa bahasha awape "hao wanaoandika majina", na peremende ya kumshukuru. Kev aliila peremende. Halafu akaisoma barua.

Sasa Mama Doreen alivaa miwani akaanza kuisoma kwa sauti, kama anayesoma hukumu.

"'Ormsden, Novemba 1937. Kwa ndugu Emlyn Prosser. Twakushukuru kwa kuichezea timu yetu Jumamosi na kwa trai yako iliyotupa ushindi. Kama tulivyoahidi, kwenye karatasi ya mechi tumeandika Mwingine, na jina lako hatutalitaja kamwe.' Na muhuri wa klabu. Muhuri wenyewe, mwanangu, ule wa zamani wenye picha ya mtambo wa kufuma nguo."

Zama zile, mchezaji wa raga ya watu kumi na watano akionekana anacheza hii yetu, alifungiwa maisha. Hata kikombe cha chai kwenye klabu yake ya zamani hakupewa. Kwa hiyo waliokuja kujaribiwa waliandikwa Mwingine. Waliobaki walipata majina yao baadaye. Emlyn Prosser, mchimba makaa ya mawe, hakubaki. Jumapili alipata habari kwamba mama yake mgonjwa, akapanda treni, akarudi shimoni, akafunga mdomo miaka arobaini. Mwingine hana nambari, na Mwingine hana tofali.

"Alikuwa mtu wetu," alisema Mama Doreen. "Alicheza. Basi anaingia ukutani mwaka 1937, na kila aliyemfuata anasogea mmoja."

"Mmoja tu," alisema Kev kwa unyonge.

"Wewe unakuwa elfu moja na moja."

"Najua, Mama. Nimehesabu usiku kucha. Nimehesabu hata kwa kurudi nyuma, nikidhani huenda ikatoka tofauti."

Mama Doreen akavua miwani. Uso wake ulikuwa umebadilika, na Kev alikumbuka jambo ambalo alipaswa kulikumbuka mapema. Mume wake, marehemu Harold, alikuwa nambari mia saba na mbili. Imechongwa kwenye jiwe la kaburi lake, chini ya jina, juu ya tarehe.

Hapo nahodha wetu akaona upenyo. Naona aibu kusimulia, lakini mimi si wakili wake.

"Mama," alisema kwa sauti ya msibani, "mimi nimejiandaa kuumia. Lakini Harold? Mtu amelala kwa amani na nambari yake, leo tukamsumbue? Kwa heshima ya Harold tu, hii barua tungei..."

"Kevin."

"Naam, Mama."

"Usijifunike marehemu wangu mgongoni kama blanketi." Alikunja barua polepole. "Nitaumia. Nilimzika na ile nambari, na kila Jumapili naisugua kwa kitambaa. Lakini fundi wa mawe yupo, na mbili kuifanya tatu ni kazi ya patasi dakika kumi. Wewe ndiye mwenye shida. Nyama haichongwi."

Kev akacheka bila kutaka, kisha akahisi macho yanawasha. Alikaa juu ya kikapu cha jezi, na kikapu kikalia.

"Sina kingine, Mama. Wenzangu wana trai, wana picha wanaruka hewani. Mimi picha zangu zote nipo chini ya watu."

"Na huyo baba wa watu hana hata hiyo picha," alisema Mama Doreen. "Anza na Dean. Yeye ndiye atakuwa elfu, apate kusikia kutoka kwako."

Kumwambia Dean! Afadhali angeambiwa aingie kwenye mashine ya kufulia.

Dean Lomax goti lilimkatika msimu wa tatu. Sasa ni kocha mkuu, na ubingwa wa mara zote tatu umetoka kichwani mwake. Mtu mkali, mwenye daftari. Kev alimkuta ukumbini akichora mishale ubaoni.

"Umechelewa," alisema Dean bila kugeuka. "Mzee wa Lango. Leo wakifunua kile kitambaa chako nitapiga makofi kwa mkono mmoja, wa pili nitaziba masikio."

"Dean, kaa kidogo."

"Nikikaa goti halinyooki tena. Sema."

"Wewe ni elfu."

Dean akaacha kuchora.

"Kuna mtu alisahaulika mwaka 1937," aliendelea Kev haraka. "Sote tunasogea. Wewe elfu, mimi elfu na moja. Barua hii hapa, ina muhuri."

Dean aliitazama barua. Akautazama muhuri. Kisha akaanza kucheka, kicheko kibaya kisicho na furaha.

Nilitaraji ninyi wasomaji wa zamani mngenikumbusha, maana mimi mwenyewe nililisahau mpaka nilipofungua Sehemu ya Pili. Msimu wao wa tatu, wiki ile ile goti la Dean lilipokatika, Kev alimpelekea hospitali barua ya uongo yenye muhuri wa klabu: samahani, karani alikosea, wewe ndiye elfu. Alidhani atamchangamsha. Dean alimpigia simu mama yake, mama yake akaoka keki tatu akaita mtaa mzima, na timu nzima ikacheka mpaka ikalala chini. Kev alicheka kuliko wote. Ilikuwa kilele cha maisha yake ya utani.

"Mara ya pili?" alisema Dean. "Miaka kumi na nne unaitunza, uje uniletee tena siku ya watani?"

"Safari hii ni kweli!"

"Hata ile uliapa ni kweli. Uliapa kwa bibi yako."

"Bibi yangu alinisamehe."

"Mama yangu hajakusamehe mpaka leo." Dean aligeukia ubao, na sauti yake ikashuka. "Unajua aliwaambia majirani nini? Aliwaambia hospitali walinipa dawa kali, nikaota. Toka, Kev. Ukitaka nikuamini, simama katikati ya uwanja, useme mbele ya watu elfu kumi na nne. Hapa ukumbini, wewe kwangu ni mwongo."

Kev alitoka na barua yake. Alikuwa na kweli mkononi na hakuna mnunuzi, na kosa lilikuwa lake mwenyewe.

Angeweza kuishia hapo. Alilifikiria hilo njiani, na nisingekuwa mkweli kama ningelificha. Nilimwambia, akajisemea moyoni. Hakutaka kusikia. Dhamira imetimia, mwili uende ukafunuliwe kitambaa. Alitembea hatua nane na wazo hilo, na hatua zote nane zilikuwa tamu.

Hatua ya tisa akamwona Bi Gwen.

Alikuwa amekaa peke yake mbele ya ukuta wa mashariki, kwenye kiti cha kukunja, pai mapajani, akisoma matofali moja moja kwa kidole hewani. Alikuwa amefika miaka ya thelathini. Alipoona kivuli akainua kichwa.

"Ah, mlinzi wa magari. Uliwapa?"

Kev alifungua mdomo. Mdomo ukatoa, "Niko njiani, Bibi."

"Sina haraka. Baba aliniambia siku mbili kabla ya kufa. Akasema, Gwen, niliwahi kuwa mtu mkubwa kwa dakika themanini, usimwambie mtu." Akamega pai. "Huyu hapa vipi? Jina limekwanguliwa."

Kidole kilikuwa kimeruka hadi karibu na mwisho wa ukuta, kwenye tofali la nambari mia tisa tisini na nane. Kev hakuhitaji kulitazama. Ni la Stu Braithwaite, aliyeanza wiki moja kabla yake yeye na Dean, na ambaye baada ya misimu sita alivuka kilima akaenda kuchezea Skelbrook, watani wenyewe. Sasa ni nahodha wao. Ormsden jina hilo halitamkwi mezani, na kila shabiki apitaye hapo hulikwangua tofali kwa ufunguo, hata akina mama wenye watoto mgongoni.

"Huyo alihama, Bibi."

"Lakini mmemwachia tofali."

"Alicheza," alisema Kev. "Aliyecheza hawezi kutolewa."

Akasikia maneno yake mwenyewe. Ni vibaya sana mtu kupigwa na sentensi yake.

Saa nane na nusu timu zote mbili zilijipanga mbele ya lango la mashariki, Ormsden kushoto, Skelbrook kulia, na Stu Braithwaite mbele kabisa, hatua kumi tu kutoka kwenye kipaza sauti, akitafuna ubani na kupokea zomeo kama mtu anayepokea maua. Majukwaa yalikuwa yamejaa pomoni. Mwenyekiti akasema mawili matatu. Kitambaa kikaning'inia juu ya lango. Kev akapewa kipaza sauti na kamba ya kuvuta.

Kamba aliiacha.

"Mimi huwa naongea vizuri nikiwa chini ya watu watatu," alianza, na watu wakacheka. "Kwa hiyo nivumilieni. Miaka kumi na saba nimetembea na namba mgongoni kama gari. Leo nimegundua gari si langu."

Kicheko kikapungua.

Akawasomea barua. Aliisoma vibaya, alirudia mstari mmoja mara mbili, na kwenye neno Mwingine alijifanya anakohoa. Lakini aliisoma yote, pamoja na muhuri, pamoja na trai.

"Mtu huyu alitufungia trai ya ushindi, tukamwita Mwingine. Jina lake ni Emlyn Prosser. Binti yake ni yule pale, mwenye pai. Alinipa barua hii juzi, na mimi leo nilitaka kuitia kwenye mashine ya kufulia. Mama Doreen ni shahidi. Kwa hiyo hili lango si langu. Elfu wa Ormsden ni Dean Lomax. Dean, safari hii siapi kwa bibi yangu. Naapa kwa hawa wote."

Watu wakageuka kumtazama Bi Gwen na pai yake.

Kisha sauti moja ya mlevi mwema kutoka juu kabisa: "Na mgongo je, Kev?"

"Mgongo nitauzungushia uzio!"

"Andika kujumlisha moja!"

Uwanja ukalipuka. Na ndani ya mlipuko ule watu wa jukwaa la kaskazini, wale wenye sauti za kukwaruza, wakaanza kuimba jina, taratibu, kwa kupiga miguu: Pro-sser, Pro-sser, mpaka watu elfu kumi na nne wakawa wanalitaja jina ambalo lilikuwa limefungiwa miaka karibu tisini. Bi Gwen alisimama. Pai ikaanguka. Aliweka viganja viwili mdomoni akalia waziwazi, kama mtoto, na Mama Doreen akamshika kiuno, naye akilia, nadhani kwa ajili ya Harold na patasi.

Dean Lomax hakulia. Makocha wakuu hawalii. Alikuwa amewapa watu mgongo, simu sikioni, na mabega yakimtikisika. "Mama," alikuwa akisema, "mama, safari hii ni kweli. Sikiliza mwenyewe. Sikiliza!" Na akainua simu juu kuelekea jukwaani.

Kev alijihisi mwepesi. Kwa mara ya kwanza tangu awe na miaka kumi na tisa mgongo haukumwasha. Alifikiri, haya, nimekuwa mtu mwema, tena mbele ya mashahidi, na haikuuma sana. Ni kosa la kawaida la watu wema wapya. Hudhani zoezi limekwisha.

Bi Gwen alikuwa amefika kwenye kipaza sauti. Alimshika Kev mkono.

"Ahsante, mwanangu. Kumbe si mlinzi wa magari."

"Nguzo, Bibi."

"Vizuri." Akafungua mkoba wake, akapangusa makombo ya pai, akatoa bahasha ya pili, pacha wa ile ya kwanza, na muhuri ule ule. "Sasa tuje kwa mjomba Idris."

"Mjomba... nani?"

"Ndugu wa mama yangu. Walikuja treni moja. Baba alicheza Jumamosi ile akarudi. Mjomba Idris alibaki akacheza Jumamosi iliyofuata, naye akaandikwa Mwingine, kisha naye akarudi nyumbani. Juzi sikukupa yake. Nilitaka kwanza nione kama wewe ni mtu wa kuaminika."

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Kila neno lilikwenda majukwaani na kurudi.

Kev akahesabu kwa vidole. Prosser, kidole kimoja. Idris, kidole cha pili. Yeye mwenyewe, elfu moja na mbili, haidhuru. Dean, elfu moja na moja. Kwa hiyo anayeangukia elfu kamili, mwenye lango, mwenye kitambaa, mtu wa elfu wa Ormsden milele na milele, ni yule wa mia tisa tisini na nane.

Hatua kumi kutoka hapo, Stu Braithwaite naye alikuwa akihesabu kwa vidole. Hesabu hazikuwahi kuwa rafiki yake. Alifika kidole cha pili, akasimama, akarudia. Kisha akatema ubani, akatabasamu, na akaanza kutembea taratibu kuelekea kwenye kamba.

Na nyuma yao, mtu pekee ambaye alikuwa hajasikia neno, Dean bado alikuwa ameinua simu juu, akicheka na kulia kwa pamoja. "Usikate, mama," alisema. "Wanakaribia kufunua."